Mpaka Haufuati Nukta

Siku ya kwanza mvuta nyaya alipomwona Shangazi, mwanamke yule alikuwa ameketi sakafuni katika chumba cha mitambo, viatu amevivua, sweta amejitupia mabegani, anatafuna kifuniko cha kalamu. Chumba kile kilikuwa cha baridi mwaka mzima kwa ajili ya mashine, na hakuna aliyekaa humo kwa kupenda. Mvuta nyaya alikuwa ameajiriwa asubuhi hiyo hiyo. Aliingia kinyumenyume akiburura ngazi yake ya alumini, ncha ya ngazi ikaigonga taa ya darini, taa ikabaki inaning'inia kwa waya mmoja. Akasimama pale, mtu wa makamo, mdomo mzito, hajui aanze kuomba radhi au aanze kuishika taa.

"Kaka," yule mwanamke akasema bila kuinuka, "hiyo ngazi nayo imeajiriwa, au imekusindikiza tu?"

Kufika mchana ofisi nzima ilikuwa inamwita Ngazi, na jina likamganda.

Kampuni yao ilikuwa ndogo, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vioo, na kazi yake ilikuwa kupeleka intaneti majumbani. Ngazi na wenzake walipanda kuta na nguzo, wakatoboa matundu, wakapitisha nyaya, wakafunga ruta, kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo kinachoachwa juu ya kabati la mteja. Mwanamke yule ndiye aliyeandika programu zote za kampuni. Walimwita Shangazi ingawa umri wake haukuwa wa kutisha, kwa sababu aligombeza watu kuhusu vikombe vilivyoachwa bila kuoshwa, na kwa sababu mtu akiumwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza amekula nini.

Ngazi alikuwa ameishia shule ya msingi. Hakuona aibu kwa hilo, ila lilimfanya akae karibu na mlango kwenye mikutano. Dada wa mapokezi alikuwa na mchezo wake wa kumchokoza kila jioni: "Ngazi, leo umesema maneno mangapi? Usiyamalize, kesho yatakupungukia." Yeye alikuwa akicheka puani, akaweka vifaa vyake sandukuni, akaenda zake. Lakini kwa Shangazi maneno yalimtoka, labda kwa sababu Shangazi alipenda kueleza na yeye alipenda kusikiliza, na mtu anayesikiliza vizuri hulazimika kuuliza.

Ndivyo alivyokuja kujua habari za anwani. Siku moja mvua iliwafungia ofisini, akamuuliza zile namba nne zenye nukta katikati, ambazo yeye huzisoma kwenye ruta na kuwatajia watu wa ofisini kwa simu, zina maana gani. Shangazi alichukua karatasi ya kufungia maandazi, akaandika. Kila mashine iliyo kwenye intaneti ina anwani, akasema, na anwani ina sehemu mbili. Namba za mbele ni ukoo, za nyuma ni mtu. Ukitaka kujua mgeni aliyebisha hodi ni wa nyumbani au la, humuulizi jina lake, unatazama ukoo. Programu zake nyingi zilifanya kazi hiyo tu: kupokea anwani, kuikata, kutazama sehemu ya mbele, na kusema huyu ni wetu au si wetu.

"Kwa hiyo wewe ni bawabu," Ngazi akasema.

Shangazi alicheka sana kwa hilo. Akasema amesoma miaka yote ile, wazazi wakauza mpaka baiskeli, kumbe amekuwa bawabu.

Habari za mdogo wake zilimfikia Ngazi vipande vipande. Walikuwa wamezaliwa wawili tu, Shangazi na yule kijana. Kijana alikwenda nchi ya mbali kufuata kazi aliyoahidiwa, akaandika barua pepe kila juma, kisha kila mwezi, kisha akaandika moja fupi ya mwisho: yuko salama, wasimtafute, akiwa tayari atarudi mwenyewe. Baada ya hapo, kimya. Mama yao aliamini kwamba ile kazi haikuwapo na mtoto anaona haya kurudi mikono mitupu. Shangazi hakuamini wala hakukataa. Alichotaka kujua ni jambo moja: mdogo wake yu hai?

Njia ilikuwapo, kwa sababu sanduku la barua pepe la yule kijana lilikuwa katika mashine za kampuni ile ile. Mashine inajua kila mara sanduku linapofunguliwa, na inajua anayefungua ana anwani gani. Shangazi angeweza kuisoma anwani hiyo, akajua yuko nchi gani sasa, pengine hata mji. Lakini kijana alisema wasimtafute, na mama alikuwa ameapa kwamba watamheshimu mtoto wake. Basi Shangazi aliandika programu iliyofunga macho makusudi. Sanduku likifunguliwa, programu inatazama ukoo wa anwani. Kama ni wa kampuni, inakaa kimya, kwa sababu huyo ni Shangazi mwenyewe akiwa ofisini anafuta barua za matangazo ili sanduku lisijae. Kama ni wa nje, simu ya Shangazi inalia mara moja, mlio mdogo kama kijiko kinachogonga glasi. Kisha programu inaitupa ile anwani, haiiandiki popote. Nje, basi. Yu hai, yuko nje, yatosha.

Simu ile ilikaa bila kulia muda mrefu hata Ngazi akafikiri programu imekufa.

Kisha ikalia. Ilikuwa wiki waliyokuwa wakipaka ofisi rangi, meza zote zimesukumwa katikati na kufunikwa magazeti. Ngazi alikuwa juu ya ngazi yake akirudisha nyaya za darini. Aliusikia mlio, akatazama chini, akamwona Shangazi amesimama kati ya meza, simu ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alikaa juu ya meza iliyofunikwa magazeti, akalia, na alipoinuka sketi yake ilikuwa na wino nyuma, naye akatembea nayo hivyo hivyo mpaka jioni, na hata dada wa mapokezi hakuthubutu kumtania.

Tangu siku hiyo simu ililia karibu kila asubuhi. Shangazi alibadilika. Alianza kuimba chooni. Vikombe vichafu vilikaa kwenye sinki naye akapita. Alikuwa amempigia mama yake siku ile ile, akamwambia, Mama, mtoto wako anafungua barua zake.

Ngazi aliiona furaha ya mama kwa macho yake. Mama aliishi peke yake kwenye nyumba ya kupanga upande wa pili wa mji, vyumba viwili na ukumbi, sakafu ya saruji nyekundu inayosuguliwa mpaka inang'aa. Panya walikuwa wamekata waya nyuma ya kabati, naye akatumwa kuutengeneza. Mama alimkalisha kwanza, akamuuliza habari za wanawe, akamwambia amekonda. Juu ya meza ya ukumbini ilikuwapo kompyuta ya zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikuwa ya mwanawe, alisema mama. Kabla ya kusafiri alimwonyesha pa kubonyeza, ile picha ya bahasha, barua zake zikafunguka zenyewe bila kuulizwa neno la siri. Kila akimkumbuka alikuwa anabonyeza, anasoma zile za zamani. Sasa kwa kuwa amejua kijana naye anaingia humo, hutazama kila anapoamka, asije akaandika neno na mama yake asilione.

"Ni kama tunapishana mlangoni," mama alimwambia. "Yeye anatoka, mimi naingia."

Ngazi aliona ni maneno mazuri. Alimaliza kazi yake, akanywa chai, akaaga.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya fundi cherehani. Huyo alikuwa mteja wa siku nyingi, na kampuni ilikuwa na ukurasa wa msaada ambao hufunguka kwa wateja tu. Alijaribu kuufungua, ukamkatalia. Ngazi alipokwenda kumtazamia ruta, fundi alimpokea kwa mikono kiunoni. Waya wenu, alisema, umepita juu ya kitanda changu, nikilala nauona, nikiamka nauona, halafu mnaniambia mimi si mteja wenu. Ngazi akaegesha ngazi yake, akapanda. Alisoma anwani iliyokuwa kwenye ruta, akarudi nayo ofisini.

Shangazi alipoisikia ile anwani alijipiga kofi kwenye paji la uso. Ngazi alivuta kiti akakaa kando yake, kama ilivyokuwa desturi yao, na Shangazi akamweleza huku akifungua programu. Kampuni ilipoanza, alisema, ilipewa ukoo mmoja mpana. Katika ukoo huo namba ya tatu inaweza kuwa mia, mia na moja, mia na mbili, au mia na tatu. Zote nne ni ndugu. Lakini siku zile wateja walikuwa wachache, wote wakaenea kwenye mia. Yeye alikuwa na haraka. Badala ya kuikata anwani pale mpaka wa ukoo ulipo kweli, aliandika tu kwamba namba tatu za mbele zikilingana na zetu, huyo ni wetu. Ikafanya kazi, kila mtu akaridhika. Sasa wateja wameongezeka, kampuni imeanza kuwahamishia kwenye zile ndugu nyingine, na programu inawaona ni wageni.

"Mtu anadhani ukoo unaishia kwenye nukta," alisema. "Mpaka haufuati nukta, kaka. Kompyuta inaivunja kila namba vipande vidogo, na mpaka unaweza kupita katikati ya namba, kama ukuta uliojengwa katikati ya chumba. Hili nalijua tangu chuo. Ninalijua, halafu nimewafukuza wateja wetu wenyewe mlangoni."

Alikuwa anacheka. Aliandika mistari michache, akamwambia Ngazi amtajie anwani za majumba aliyoyatembelea, na kwa kila moja mashine ikajibu, wetu, wetu, wetu. Ngazi naye akaanza kufurahia, kama mtu anayeita majina ya watoto na wote wanaitika. Kisha Shangazi akasema kipande kile alikuwa amekinakili kwenye programu nyingine, ngoja akitafute kila mahali akitengeneze. Akaandika neno, mashine ikaleta majina ya programu zenye kosa lile lile. Ya malipo. Ya kupima mwendo wa intaneti. Ya barua za kampuni.

Jina la mwisho lilikuwa la mdogo wake.

Mikono ya Shangazi ilibaki juu ya vitufe. Ngazi alifikiri ameona kosa jingine. Nje, dukani chini, mtu alikuwa anakata kioo, ile sauti nyembamba ya kukwaruza, ikaenda mpaka mwisho, kioo kikavunjika vizuri.

"Kaka," Shangazi akasema. "Ruta ya Mama uliihamishia kwenye namba mpya lini?"

"Wiki ile ya rangi."

"Una hakika?"

"Nilikwenda na rangi kwenye suruali. Mama akanicheka, akasema nimetoka kupakwa mimi."

"Ni mia na ngapi?"

"Mia na mbili."

Ngazi naye, ambaye si mwepesi, alianza kuliona jambo lenyewe likija, polepole, na alitamani angekuwa juu ya nguzo fulani mbali na pale. Alijua swali linalofuata. Alijua pia kwamba ndiye pekee ofisini aliyekuwa na jibu.

"Ile kompyuta yake ya mezani. Umewahi kumwona Mama akiifungua?"

"Anaamkia hapo, dada," Ngazi akasema. "Kila asubuhi. Anasoma barua zake."

Shangazi alitafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza, akavivaa kimoja kimoja. Miaka yote mama alikuwa anafungua lile sanduku, na programu ilikuwa inakaa kimya kwa kuwa mama alikuwa wa nyumbani. Ngazi akaja akabadilisha namba, kama alivyotumwa, na kuanzia asubuhi ile programu ikamwona mama ni mtu wa nje. Shangazi akamwambia mama kijana anafungua barua. Mama kwa furaha akazidi kufungua. Simu ikazidi kulia. Walikuwa wanapeana habari njema wao kwa wao, mama na mwana, na yule kijana hakuwamo kabisa.

Jioni ile Shangazi alikwenda kwa mama yake kumwambia. Kesho yake alimkuta Ngazi kwenye ngazi za jengo, akakaa kando yake na kumsimulia kwa sauti ya chini, huku akichuna rangi iliyobaki kwenye reli ya chuma ya ngazi. Alisema njia nzima alikuwa anajifunza maneno, kama mtoto aliyetumwa dukani. Mama akamfungulia mlango kabla hajabisha. Akamuuliza, leo kafungua? Naye akasikia mdomo wake mwenyewe unajibu, kafungua, Mama. Wakala pamoja. Mama akamfungia chakula kwenye bakuli akale kesho. Akaondoka.

"Ungefanyaje wewe?" alimuuliza Ngazi.

Ngazi alifikiri kweli kweli, maana hakuulizwa mambo kama hayo mara nyingi. Alisema hajui. Alisema labda na yeye angekula.

Programu zote za kampuni zikatengenezwa. Ile moja Shangazi aliiacha na kosa lake. Hakueleza kwa nini, na Ngazi hakuhitaji kuelezwa, kwa sababu alimwona asubuhi: simu ikilia, anaitupia jicho, halafu anasema peke yake, polepole, "Mama kaamka," na kuendelea na kazi. Hakuimba tena. Vikombe vikaanza kugombezwa upya, ila bila nguvu, na watu waliviosha haraka bila kumtania.

Mama alianza kuugua miguu, kisha kifua. Mlio wa simu ukaanza kuchelewa, ukaja karibu na adhuhuri. Siku nyingine haukuja, na Shangazi huyo alikuwa ameshateremka ngazi mkoba mkononi, dada wa mapokezi amemshikia mlango. Mara mbili hivi Ngazi alimpeleka kwa pikipiki ya kampuni. Walimkuta mama yuko kitandani, analalamika kwamba kompyuta iko mbali. Basi Ngazi alihamisha meza, akaisogeza mpaka kando ya kitanda, akarefusha waya ukutani kwa misumari midogo, akiupanga unyooke kwa sababu mama alikuwa anatazama. Mama alimwambia ana mkono mzuri. Halafu akamgeukia binti yake, akamuuliza kwa uchovu kama leo kijana ameingia, na Shangazi, ambaye alikuwa anakunja shuka, alisema ameingia mapema leo, Mama, ulikuwa bado umelala.

Asubuhi moja simu haikulia, na ilipofika jioni walikuwa wameshajua kwamba haitalia.

Ngazi alikwenda mazishini na wenzake wote wa ofisini, akasimama nyuma. Watu walikuwa wanamuuliza Shangazi kama mdogo wake amepewa habari. Aliwajibu kila mmoja kwamba amemwandikia. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameandika barua, ameitia kwenye sanduku lile, na baada ya siku chache za matanga alirudi ofisini, akakaa, akalitengeneza kosa la programu yake mwenyewe. Sasa simu ikilia, itakuwa ni nje kweli. Ngazi aliona ameiweka simu mezani, kioo juu, sauti imepandishwa mpaka mwisho. Ilikaa vile wiki baada ya wiki. Wengine walimpigia, ikalia mlio mwingine. Ule wa kijiko na glasi haukusikika.

Ndipo akaacha kazi. Bosi alimbembeleza, akamwahidi chumba chake peke yake, akamwambia achukue likizo kwanza. Hakugeuka. Dada wa mapokezi alilia kuliko watu wote.

Nyumba ya mama ilikuwa inarudishwa kwa mwenye nyumba, na Ngazi alitumwa kwenda kutoa ruta. Alimkuta Shangazi amekunja mapazia, ameyarundika juu ya kiti, ukumbi uko mtupu na sauti za hatua zinarudi. Kompyuta ilikuwa imefungwa ndani ya boksi pamoja na kitambaa chake. Mkoba wa safari ulikuwa mlangoni, mkubwa, na kanda ya plastiki imezungushwa kiunoni mwake kwa kuwa zipu ilikuwa mbovu. Ngazi aliutazama ule mkoba, akaelewa. Alitaka kusema nchi ile ni kubwa. Alitaka kusema pengine kijana amehama, pengine kuna jambo jingine baya zaidi la kukuta huko. Alitaka pia kusema kwamba ofisini kutakuwa baridi. Akaegesha ngazi yake ukutani.

Sakafu ilikuwa inateleza kwa kusuguliwa, kwa hiyo Shangazi alikuja akamshikia ngazi kwa mikono miwili. Ngazi alipanda, akachomoa waya nyuma ya kisanduku, taa ndogo zikazimika moja moja. Akateremka, akakishika, hajui akiweke wapi. Akauliza kama ang'oe na nyaya, zile alizozipigilia mpaka chumbani.

Hakumwona tena baada ya siku hiyo. Shangazi alichomjibu, akiwa bado ameishika ngazi ingawa hakukuwa na mtu juu yake, ni haya:

"Alisema tusimtafute, na Mama akamtii mpaka mwisho. Mimi naenda kumtafuta, kaka. Wewe chukua kisanduku, nyaya uziache ukutani. Atakayepanga atazihitaji."